Mbuzi Aliyekaribishwa Chai

Kwa miaka kadhaa nilidhani jirani yangu ananitukana, na kila aliponitukana nilirudi nyumbani nimefurahi. Yeye ni mama Mzaramo wa Kisarawe, mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, na sote wawili tumejikuta Mkuza, Kibaha, tumetenganishwa na ua wa michongoma. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Anaweza kuniambia lolote, mahali popote, mbele ya mtu yeyote, nami nina haki ya kumjibu, na atakayekasirika ndiye aliyeshindwa. Mimi nilimwita mtani. Yeye aliniita mpagazi, kwa ajili ya mababu zangu waliopita kwao na mizigo mabegani wakielekea pwani. "Wenzake wote walirudi," alikuwa akiwaambia wageni. "Huyu alisahaulika na mzigo."

Asubuhi moja nilikuwa naelekea kwake kuchukua shati alilonishonea. Nilipofika kwenye ua nikasikia ananiongelesha, nami bado sijatokea. Nikachungulia. Alikuwa amekaa barazani, amegeukia njia. Mbele yake amesimama beberu wa nyumba ya tatu, mwenye ndevu, kamba iliyokatika inaning'inia shingoni.

"Karibu mtani," akamwambia beberu. "Kaa basi, chai inachemka. Mbona mapema hivi, mkeo kakufukuza?"

Beberu akatafuna.

"Hunijibu? Elimu imekujaa mpaka mdomoni?"

Wanawake waliokuwa bombani waliangusha ndoo kwa kicheko. Mimi nilibaki nyuma ya michongoma, mdomo wazi, na nakiri kwamba wivu ulinishika. Nimekulia katika utani, nimeuona misibani na harusini, lakini kumtukana mtu kwa kumkaribisha mbuzi chai, bila kucheka, bila hata kukonyeza, sikuwahi kuona. Mwaka mzima niliisimulia hadithi ile. Niliisimulia kazini, niliisimulia kwenye kikao cha harusi ya mtu nisiyemjua vizuri.

Alikuwa mshonaji, na bado ni mshonaji. Cherehani yake ya miguu inakaa sebuleni karibu na dirisha, na kwa muda mrefu sare nyingi za shule za mtaani kwetu zilipita chini ya sindano yake. Ushonaji wake nilioukuta nilipohamia ulikuwa wa kunyooka kama mstari wa rula. Baadaye ukaanza kubadilika. Binti mmoja wa Misugusugu alishonewa gauni la kuagwa, upande mmoja wa pindo ukawa juu ya goti na wa pili ukagusa kifundo cha mguu. Mama wa binti alikuja amejifunga kanga kiunoni, tayari kwa vita.

"Hili ni gauni au pazia lililoanguka?"

"Mwanao anaolewa," mtani akamjibu huku akiendelea kukanyaga cherehani, "haendi kwenye paredi. Mwambie atembee, uone."

Binti akatembea. Sijui ni mwendo wake au ni gauni, lakini mama alifungua kanga kiunoni, akaondoka nalo. Baada ya sherehe ile wakaja wasichana wengine watatu, wanne, wanataka upande juu, upande chini. Vijana wakauita mshono wa kata upepo. Kisha yakaja mashati yenye mkono mmoja wa kitenge tofauti, na vifungo vilivyopangwa kama watu wasiosalimiana. Mimi mwenyewe nilishonewa shati ambalo mfuko wake ulikuwa umeshuka mpaka karibu na kitovu. Nilikwenda nalo kwenye mkutano wa wasomi Dar es Salaam. Profesa mmoja akaniuliza ni la mbunifu gani. Nikamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ya biashara, "Ni wa kwetu Kibaha."

Sikuishia hapo. Niliandika makala. Niliandika juu ya ubunifu wa wanawake wa Pwani, jinsi ajali ndogo ya mkasi inavyogeuzwa kuwa mtindo, na nadhani nilitumia neno falsafa zaidi ya ilivyo lazima. Nilieleza pia kamba. Alikuwa amefunga kamba ya katani kutoka nguzo ya baraza mpaka mlango wa choo cha nje, usawa wa kiuno, na juu yake hakuanika hata leso. Nilipomuuliza ya nini, akasema, "Ya kuwazuia Wanyamwezi wasipite usiku." Nikacheka, nikaiandika. Kuku wake walivaa njuga ndogo miguuni, uani pakawa kama pana ngoma ya mkole, ya kumcheza mwali, isiyokwisha. Nikaiandika. Makopo yake ya jikoni yalifungwa vitambaa, fundo moja, mafundo mawili, mafundo matatu. Nikayaita mapambo.

Chai yake ilikuwa na hatari zake. Siku moja alinimiminia kikombe, akaanza vizuri, kisha akahamia kwenye suruali yangu. Niliruka kama niliyeumwa na siafu.

"Aa, Mnyamwezi anaogopa maji ya moto," akasema. "Huko kwenu mnakunywa ya baridi?"

Nilijua wajibu wangu. Siku iliyofuata nilimpelekea maji ya kisima ndani ya chupa ya asali, nikaificha kofia yake ya jua juu ya mti wa mpapai, akaitafuta nusu saa akipapasa mikeka na viti. Tulikuwa sawa. Mara nyingine chai ilikuja na chumvi badala ya sukari, nami nikainywa yote bila kukunja uso, nikaomba ya pili. Mke wangu alisema sisi wawili hatuna akili, ila mimi ndiye niliyeisomea.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake bila kuchoka. Hakukosa sala, lakini mpira ukiwa redioni alimtolea mwamuzi maneno ambayo mpaka leo siyaweki kwenye karatasi. Alimfokea kila mtu aliyechelewa kwenda hospitali; mimi alinisindikiza mwenyewe mpaka barabarani siku niliposikia kizunguzungu, akanisukumia ndani ya bajaji, akamwambia dereva, "Akapimwe presha huyu, asije akanifia bure, Wanyamwezi wataniletea msiba mrefu." Yeye mwenyewe hakutaka kusikia habari ya daktari. Hakupenda kusaidiwa, lakini alijua kuamrisha. "Mpagazi, nitungie uzi, mimi nimeshika pasi." Alikuwa hajashika pasi. Nilitunga uzi, na nikaona ni heshima.

Akiulizwa umri alikasirika. "Sijazeeka," alikuwa akisema. "Niliamka mapema tu." Watoto wake watano wote walikuwa mbali, na mdogo wao alikuwa na nyumba Dar es Salaam, ambako alimjengea mama yake chumba chenye vigae na choo cha ndani. Mtani alikwenda mara moja, akakaa wiki, akarudi na vifurushi vyake.

"Chumba kizuri?" nikamuuliza.

"Kizuri sana. Feni inaongea na friji, mimi nasikiliza. Hata kiti ukikisogeza, dada wa kazi anakirudisha. Pale nitakaa kama mkoba wa mtu aliyekwenda haja." Akakigonga kichwa cha cherehani kwa kiganja. "Mimi nitatoka hapa nimebebwa, mpagazi. Na wewe ndiye utakayebeba, kazi ya ukoo."

Kisha kaka yake akafariki, kwao Kisarawe.

Msiba wa Wazaramo bila mtani una upungufu. Anatakiwa mtu wa kuuvunja uzito wa kilio, na kwa jirani wa miaka mingi mtu huyo nilikuwa mimi. Nilimfahamu marehemu kidogo: mzee mwembamba mwenye mkongojo, mwenye kikohozi kikavu cha kutangulia neno lolote, ambaye kila aliposhuka Mkuza kumtembelea dada yake aliuliza kahawa kabla ya kumjulia hali. Siku ya tatu, baada ya kisomo, wazee wa nyumba ile wakanipa ruhusa, na mpwa mmoja akanitolea kanzu ya marehemu na mkongojo wake. Kanzu ilinibana kifuani na ikanifika kwenye ugoko. Nilivaa kofia yake, nikajiangalia kwenye kioo cha pikipiki, nikaona kitu kama gunia la mkaa lililokwenda kuhiji.

Nikaingia upande wa wanawake. Mtani hapigi hodi. Wanawake waliponiona wakaanza kucheka, wengine machozi bado yako mashavuni, na nikajua kazi imekwenda vizuri. Nikachechemea mpaka kwenye mkeka wa mtani wangu. Nikagonga mkongojo chini. Nikakohoa kile kikohozi.

"Dada," nikasema kwa sauti ya marehemu, ambayo niliifanyia mazoezi tangu Kibaha. "Kahawa iko wapi?"

Kila mtu alicheka isipokuwa yeye. Alikuwa ameinua uso wake kunitazama, amekaa wima, nami niko mbele yake kabisa, mwanga wa mlango mzima umeniangukia. Akanyoosha mkono, mkono ukapita pembeni yangu, ukarudi, ukaishika kanzu. Vidole vikateremka mpaka kwenye pindo, vikalifuata pindo lile taratibu, mshono kwa mshono, kwa maana alikuwa amelishona mwenyewe.

"Kaka?" akasema.

Alilisema kwa sauti ndogo, na nadhani ni mimi peke yangu niliyelisikia. Sijawahi kupigwa na umeme, lakini tangu siku ile sina haja ya kuelezwa. Huyu mwanamke alikuwa ananitazama usoni na hanioni. Wenzake wote walikuwa wanaona Mnyamwezi mnene amebanwa na kanzu. Yeye alikuwa amesikia mkongojo wa ndugu yake, kikohozi cha ndugu yake, na mkononi mwake alikuwa na nguo ya ndugu yake, waliyemzika juzi.

Nikainama. "Ni mimi, mtani," nikamnong'oneza. "Ni mpagazi."

Akanishika mkono wangu, akauminya mpaka ukauma. Kisha, mbele ya macho yangu, akajikusanya kama mtu anayeokota shanga zilizomwagika, akapaza sauti: "Mnyamwezi wewe! Kanzu ya kaka yangu umeipasua kwapa! Ulizaliwa na tumbo hilo au umelikopa?" Akanipiga kofi la bega. Nikaanguka chali, maana ndivyo inavyotakiwa. Wanawake wakapiga vigelegele.

Nikiwa chini pale nikamwona mwanawe mdogo, yule wa Dar es Salaam, amesimama mlangoni na birika mkononi. Hakuwa anacheka.

Alasiri nilimkuta mtani nyuma ya nyumba, kwenye mikorosho, amekaa juu ya kinu kilicholazwa. Nikakaa chini karibu naye.

"Naona mwanga," akasema kabla sijauliza. "Naona kivuli cha mtu. Sura sioni."

"Tangu lini?"

"Giza lilianza kabla mabomba hayajafika mtaani. Kidogo kidogo. Kama mtu anayefunga pazia na hataki umsikie."

Nikawaza mabomba. Nikawaza wanawake bombani, ndoo zinaanguka.

"Na yule mbuzi?"

"Mbuzi gani?"

"Yule uliyemkaribisha chai. Barazani. Ukamwita mtani."

Niliona uso wake unatafuta, unaifuata siku ile mpaka inapatikana.

"Alikuwa mbuzi?" akasema.

"Beberu. Wa nyumba ya tatu."

"Subhanallah." Akajishika kifua kwa mikono miwili. "Na mimi nilikasirika siku mbili! Nikasema huyu msomi kanidharau, nimemkaribisha chai kanitafunia tu!" Akaanza kucheka, kanga ikaziba mdomo, mabega yakatikisika, na katikati ya kicheko sikuweza kusema tena kama bado ni kicheko.

Wakati huo vitu vyote vilikuwa vinanirudia, kimoja kimoja, na kila kimoja kinanipiga kofi lake. Kamba ya chooni. Njuga za kuku, ili asiwakanyage. Mafundo ya makopo, sukari na chumvi, na siku ambayo kitambaa kilifunguka. Suruali yangu. Kofia niliyoipandisha juu ya mpapai. Makala yangu, yenye falsafa ndani yake.

"Mwanangu anajua?" akauliza.

Alikuwa anajua, au anakaribia kujua. Aliniita pembeni jioni ile ile. Ni kijana mwenye adabu, na alikuwa na hofu. "Anko, mama haoni, sivyo? Amekuwa anashika nguo zako kama anasoma. Akijikwaa pale peke yake, akiungua moto, mimi nitajiambia nini? Baada ya arobaini nakuja na gari, namchukua. Na cherehani nitamtafutia mtu wa kuinunua." Ningekuwa mimi, ningesema hivyo hivyo.

Kwa hiyo tulikuwa na muda mpaka arobaini. Kule Mlandizi madaktari wa macho walikuwa wamepiga kambi, wanaona wazee. Nilipomwambia, akanitukana tusi la dhati, lisilo la utani. Alikuwa akiogopa kuambiwa kwamba hakuna dawa. Maadamu hajapimwa, alisema, pazia linaweza kuwa limefungwa tu. Akipimwa linaweza kuwa limeshonwa.

"Na mimi presha nilipimwa kwa nguvu ya nani?" nikamuuliza.

Asubuhi ya pili yake nilimkuta barazani amevaa gauni la kutokea, vifungo vyake vimekaa upande upande.

Muuguzi pale kambini alikuwa msichana mchangamfu. "Bibi, huyu ni nani wako?"

"Mpagazi."

"Nani?"

"Mimi ni mtani wake," nikasema.

"Mtani si ndugu. Nataka ndugu."

"Mwanangu," mtani akamwambia, "ndugu zangu hawanitukani kila siku. Mwandike huyo."

Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari akasema ungeweza kutibiwa zamani sana. Aliposema zamani, sote wawili tuliangalia sakafu. Walianza na jicho la kulia. Siku waliyomwondolea pamba nilikuwa nimesimama mbele yake, nimejitayarisha kwa tusi kubwa la maisha yangu. Akapepesa. Akautazama ukuta, akaitazama mikono yake pande zote mbili, akamtazama muuguzi na kutabasamu. Kisha akanitazama mimi. Akanitazama muda mrefu, mdomo ukafunguka kidogo, ukafungwa. Njia nzima kutoka Mlandizi mpaka Mkuza hakusema kitu. Alikuwa anaangalia nje ya bajaji, na kila niliposogea alinitupia jicho lile jipya na kulirudisha haraka nje. Nikadhani operesheni imeharibika.

Mtaani ndipo sauti ilipomrudia. Binti alipita na gauni la kata upepo.

"Nani kashona uchafu ule?" akaniuliza, ameduwaa.

"Wewe."

Akamfuata kwa macho mpaka alipokata kona. "Na wanavaa?"

"Wanapigania."

"Basi watu wa Kibaha ndio vipofu," akasema, akaingia ndani.

Arobaini ilifanyika Kisarawe. Mwanawe alikuja na gari kama alivyoahidi, na nyuma ya gari kulikuwa na godoro jipya la kile chumba. Alishuka, akaja uani tulikokaa. Akiwa bado mbali, hajafika hata kwenye majiko, mama yake akasema kwa sauti ya kusikika na msiba mzima:

"Kifungo hicho cha tatu nani kakushonea?"

Kijana akasimama.

"Shati la bluu, uzi mweusi. Na kola imefifia. Umekonda. Hebu njoo hapa nikuone, nina miaka sijakuona."

Kijana aliinamisha kichwa akakitazama kifungo chake. Kisha akamtazama mama yake, kisha mimi, na akakaa chini palepale, kwenye vumbi, na shati lake la bluu. Godoro lilipelekwa Mkuza. Liko juu ya kitanda chake mpaka leo, na analilaumu kwamba ni laini.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake kupimwa shati. Siku hizi wasichana wanamlilia awarudishie ule mshono wa zamani, naye anajaribu, na haupati. Anasema mkono unakataa kukosea akiwa anaangalia. Kamba ya chooni bado ipo, sasa inaanikiwa nguo. Alinizungushia futi kiunoni, pini mdomoni, nami nikaona ni wakati wa kuuliza.

"Mtani, siku ile ya Mlandizi. Ulininyamazia njia nzima. Nilikukosea nini?"

Akatoa pini mdomoni.

"Niliogopa kuuliza."

"Kuuliza nini?"

"Kama wewe ndiye wewe. Sauti ilikuwa ya mpagazi wangu, uso wa mzee mmoja simjui. Mvi mpaka kwenye nyusi. Nikasema, nikiuliza atalia, na bajaji ni ndogo."

Nilijaribu kucheka. Katika nchi nzima alikuwa amebaki mtu mmoja tu ambaye machoni pake nilikuwa bado kijana mwenye nywele, na nilikuwa nimempeleka mwenyewe akatibiwe.

"Tumbo nilikuwa nalijua," akaendelea, akisoma futi yake bila kunitazama. "Mikono ilikuwa inaniambia. Kila shati nilikuwa nakuongezea kidogo, nikanyamaza. Lakini uso, mtani, hakuna mtu aliyeniambia."

"Hata mimi," nikasema, "hakuna aliyeniambia."